Sura ya Tisa: Jina la Karatasi

Karatasi nyekundu ilikuwa imepigiliwa misumari minne katikati ya mlango, na aliyeipigilia hakujali mlango wa mtu. Ulikuwa mlango wa bluu, bluu ile ambayo watu wa Kisiwa cha Tamsey hupaka ili mizimu ipite mbali. Mizimu ilikuwa imeheshimu rangi hiyo miaka yote. Mnada haukuheshimu kitu.

Sajini Coretha Gaillard aliisoma tena, ingawa ilitoka ofisini kwao. Jumatatu saa tatu asubuhi askari wa sherifu wangekuja kumtoa aliyemo ndani pamoja na vyombo vyake. Leo ilikuwa Jumamosi. Askari hao aliwajua kwa majina, na mmoja wao alimwazima jeki wiki iliyopita. Wangekuja na tabasamu la aibu, wangebeba kitanda taratibu, lakini wangekibeba.

"Ukimaliza kusoma unipe habari," sauti ilitoka pembeni ya baraza. "Mimi macho yameniaga zamani."

Bi Nunnie alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, kapu la nyasi limefika nusu katikati ya magoti yake. Alisuka bila kutazama. Kila baada ya mizunguko miwili alitoboa tundu kwa mpini wa kijiko uliosagwa ncha, akapitisha ukindu, akavuta.

"Shikamoo, Bi Nunnie. Ni mimi Coretha Gaillard, wa ofisi ya sherifu. Tuliongea kwa simu."

"Marahaba. Lakini hilo ni jina la karatasi. La kapuni unaitwa nani?"

Coretha alitazama huku na huku kama mtu anayeogopa kusikiwa na wenzake wa kazini. "Bibi yangu alikuwa ananiita Guba."

"Bibi yako nani?"

"Mariah. Aliyehamia ng'ambo ya daraja."

"Mariah mwenye mwanya!" Mkono ukasimama kusuka. "Loo, yule alikuwa na domo! Basi kaa, Guba. Sasa najua naongea na nani. Jina la karatasi ni la serikali na la kaburi, mimi siongei nalo."

Ndivyo walivyo Tamsey. Mtoto akizaliwa hupewa majina mawili. La karatasi hufungiwa sandukuni, na la kapuni, analoitwa angali mchanga amelazwa kwenye kapu, ndilo huzeeka naye. Wapo majirani waliokula sahani moja miaka hamsini, wakaja kujuana majina ya kweli siku ya mazishi. Hulicheka jambo hilo. Coretha naye alikuwa akilicheka mpaka kesi hii ilipomfikia mezani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ardhi ya Bi Nunnie, ekari tisa kando ya kinamasi, aliachiwa na baba yake. Kodi alikuwa akilipa mwanawe Ezra, na Ezra akafa, na hakuna aliyekumbuka kuwa kodi haifi. Kaunti ikaiweka mnadani. Kila mwaka siku ya mnada dalali husimama kwenye ngazi za mahakama, anaita viwanja vya waliochelewa kodi kimoja kimoja, na wenye fedha wananyoosha vidole. Anayenunua hapewi ardhi palepale. Mwenyewe ana mwaka mzima wa kuikomboa kwa kulipa deni na riba. Mwaka ukipita kimya, basi tena, hati inakwenda kwa mnunuzi. Mwaka wa Bi Nunnie ulipita kimya. Hakujua hata kama umeanza.

Tundu la kutokea lilikuwa moja tu. Sheria inataka mwenye ardhi aandikiwe barua, akabidhiwe yeye mwenyewe mkononi, na atie saini kadi ya posta. Kadi ilikuwepo, na saini ilikuwepo. Wakili wa wasiojiweza, kijana aliyekonda kwa kesi za namna hii, alimwambia Coretha, "Sajini, niletee aliyesaini kabla ya Jumatatu saa mbili, nimwamshe jaji. Bila hivyo ataangalia saini na kusema bibi amesahau. Wazee husahau."

"Bi Nunnie, ulisaini kadi yoyote ya posta mwaka juzi?"

"Mimi nikisaini naandika Nunnie. Benki wameizoea, hospitali wameizoea."

"Hapa pameandikwa Rosetta Filomena Chisolm."

Kicheko kikamtoka bibi, kikaishia njiani. "Nani kakwambia Filomena?"

"Kwa nini?"

"Hilo jina mama yangu alinipa akalifunga. Hata marehemu mume wangu nilimficha, angenitania mpaka kufa. Rosetta wanalijua wawili watatu. Filomena?" Akatikisa kichwa. "Hapana mtu."

Coretha alifungua mkoba. Alikuwa na nakala mbili. Ya kwanza ni bahasha ya kaunti, imeandikwa R. P. Chisolm, basi. Ya pili ni kadi. Aliyesaini alijua kile ambacho bahasha haikusema, kwamba ile P ni ya nini. Tena kulikuwa na jambo lingine lililomkera tangu jana. Cheti cha kuzaliwa kutoka makao makuu ya jimbo kiliandika jina kwa P na H mwanzoni, Philomena. Kadi iliandika kwa F. Aliyesaini hakuwahi kuliona jina hilo popote. Alikuwa amelisikia.

"Ulimtamkia nani, Bi Nunnie? Fikiri vizuri."

"Nimesema hapana mtu." Akarudia kusuka, kwa hasira kidogo. "Na kanisani lilisomwa, si unajua? Kila mwaka kabla ya mnada Shemasi anatusomea gazeti, majina yote ya kisiwani. Mtu akisikia la kwake anasimama, tunaanza kuchanga palepale mpaka anakomboa. Hakuna aliyenyang'anywa ardhi kanisa letu likiwepo. Mwaka ule akasoma R. P. Chisolm. Kina Chisolm hapa ni kama mchanga. Akangoja. Hakuna aliyesimama. Nikamwambia mwenzangu wa benchi, maskini, huyo naye ni nani, hana hata ndugu wa kumsimamia." Mpini wa kijiko ulimponyoka. "Nikamwombea, Guba. Nilifumba macho nikamwombea huyo R. P. asipoteze kwao."

Coretha aliuokota mpini, akauweka kwenye kiganja cha bibi. Kisha akauliza kinachonukia jikoni.

"Wali mwekundu na bamia. Jumamosi nina mgeni wangu, Shemasi, anakuja kuchukua fedha ya mazishi na kula. Hajakosa Jumamosi hata moja. Pita nawe mchana, sufuria ni kubwa."

* * *

Ellis Ravenel, mtu wa posta, aliegesha gari lake chini ya kibanda cha duka la daraja. Alikuwa akipanga bahasha kwenye mapaja na hakufurahi kumwona Coretha dirishani.

"Ellis, barua ya kodi anakabidhiwa nani?"

"Mwenyewe."

"Ulimkabidhi?"

"Si imesainiwa?"

"Sikukuuliza hivyo."

"Jua hili, dada'ngu. Jua hili linamsahaulisha mtu."

Coretha alikuwa amemshuku huyu kwa siku mbili. Kadi ilipita mikononi mwake, na mtu wa posta mwenye uvivu anaweza kusaini kadi zote za kisiwa akiwa amekaa kwenye kiti. Alitoa kalamu na kipande cha karatasi.

"Niandikie Rosetta Filomena."

"Ya nini?"

"Andika tu. Au uandike mbele ya watu wa serikali kuu, maana kughushi saini ya posta si kesi ya kwetu."

Ellis aliandika, midomo ikicheza. Aliandika kwa P na H bila kusita. "Shangazi yangu ni Philomena," alisema. "Alikuwa akitupiga tukikosea."

Basi, mmoja ametoka. Coretha aliikunja karatasi. "Sasa niambie uliifanyia nini."

Ellis alishusha pumzi, akatazama mlango wa duka. "Utaniponza kazini."

"Bibi anatolewa nyumbani Jumatatu. Kazi yako naiwazia baadaye."

"Niliuliza dukani, R. P. Chisolm ni nani. Wakacheka. Mmoja akasema labda ni mtume. Ningefanya nini? Huku barua nyingi zinakuja na majina ya karatasi, hakuna anayejijua. Naziacha kwenye sanduku pale kaunta, kila mtu anapekua. Nikaiacha na kadi yake. Kesho yake kadi iko palepale, imesainiwa. Nikashukuru Mungu, nikajua mwenyewe amejitambua."

"Nani alikuwepo?"

"Nani hayupo? Kisiwa kizima kinapita hapa."

"Ilitokea mara moja?"

Ellis alihesabu kwa macho. "Kama tano hivi. Zote za wasiojulikana." Hapo ndipo ilipomwingia. "Kumbe zote zilisainiwa."

* * *

Bwana Whit Larrabee, mnunuzi, alikuwa amepanga vyumba viwili kwenye hoteli ya madereva upande wa bara. Kimoja alilala, kingine aliita ofisi. Mashine ya ubaridi ilikuwa imekufa, naye alikaa vifungo vimefunguliwa mpaka tumboni, ramani ya kisiwa imetandazwa mezani, anajipepea.

"Sajini, mimi sikuiba kitu," alianza kabla hajaulizwa. "Nilisimama kwenye ngazi mchana kweupe. Dalali akaita, nikanyoosha kidole. Kodi ambayo watu hawa hawakulipa nimelipa mimi. Barabara uliyokuja nayo nimeitengeneza mimi."

"Ina mashimo."

"Basi mlaumu mkandarasi." Akacheka peke yake. "Watu wanadhani huu ni unyang'anyi. Ni uwekezaji. Mtu akikomboa, napata riba yangu, tunapeana mkono. Asipokomboa, alikuwa haitaki."

Coretha alivuta kiti. Usiku wa jana alikuwa amekaa na orodha ya mnada mpaka chai ikapoa. "Siku ile viliitwa viwanja zaidi ya thelathini vya Tamsey. Wewe ulinyoosha kidole mara tano."

"Nachagua."

"Kwa kutazama nini?"

"Maji. Miti. Mandhari."

"Cha kina Mazyck kiko ufukweni kabisa, kizuri kuliko vyote, na kiliitwa kwa bei ya kutupa. Hukunyoosha."

"Sikukiona."

"Na kilikombolewa Machi. Vyote ulivyoviacha vilikombolewa. Vyako vitano hakuna hata kimoja. Wenzako pale ngazini wananunua viwanja ishirini wakiomba wabaki na kimoja. Wewe tano kwa tano. Ulijuaje kwamba hao watano hawatasimama?"

"Bahati, Sajini. Wengine tunazaliwa nayo."

Akajipepea kwa nguvu zaidi. Ni hapo Coretha alipolitazama lile pepeo. Lilikuwa la karatasi ngumu, limegundishwa kwenye kijiti. Upande mmoja Yesu amepiga magoti bustanini. Upande wa pili maandishi ya dhahabu: Wigfall na Wanawe, Huduma za Mazishi. Tunakujua kwa Jina.

"Zuri hilo. Umelipata wapi?"

Larrabee alilitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Hili? Kanisani kwao. Niliwahi kwenda. Napenda kuwajua majirani."

"Vizuri. Mchungaji wao anahubiri mno, sivyo?"

"Anahubiri hasa. Yule bwana ana sauti."

"Mchungaji wao ni mwanamke, Bwana Larrabee. Miaka kumi na mmoja sasa."

Pepeo likasimama. Jasho likaanza kumtiririka palepale, mashine imekufa na dirisha limefungwa.

"Nitaongea mbele ya wakili wangu," alisema.

"Ongea mbele ya yeyote. Pepeo naondoka nalo."

Garini hakuwasha injini. Alikaa na Yesu mapajani na kusikia sauti ya bibi asubuhi ile, akinung'unika juu ya majina. La serikali na la kaburi. Serikali iliandika R. P. tu, haikujua zaidi. Kwa hiyo ilibaki kaburi. Nani kisiwani huuliza jina lako la karatasi ungali hai, akakaa kitini, akatoa kalamu, akasema litamke vizuri, bibi, nisije nikakukosea siku ya siku?

Coretha aliwasha injini. Mtu huyo ndiye aliyemzika Mariah.

* * *

Shemasi Septimus Wigfall alikuwa uwani, kofia kichwani na koti juu ya mkono, tayari kutoka. Gari la maiti lilikuwa limeng'arishwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu humo. Alimpokea Coretha kwa mikono miwili.

"Binti wa Lorena! Umekua. Nilimzika bibi yako, unakumbuka? Mvua ilinyesha lakini hakulowana. Nakwenda kula kwa Nunnie, kisha saa tisa nina maiti. Sema haraka, mwanangu."

"Bi Nunnie aliwahi kulipia jiwe la kaburi?"

"Zamani. La mke na mume. La mume nimeshalisimamisha, la kwake namtunzia."

"Naomba nilione."

Hakuwa na sababu ya kukataa, naye hakukataa. Alimpeleka nyuma, chini ya bati, ambako mawe ya walio hai yalisimama yameegeshwa ukutani yakiwangoja wenyewe. Kila moja lilikuwa na jina na mwaka wa kuzaliwa, na mahali patupu pa mwaka mwingine. Shemasi alifunua turubai kwa fahari ya fundi. Graniti ya kijivu, waridi mbili pembeni, na katikati: ROSETTA FILOMENA CHISOLM.

Coretha alichuchumaa. Aliweka nakala ya kadi juu ya jiwe, chini kidogo ya jina, akalainisha pembe zake.

"Umeandika kwa F, Shemasi."

"Ndivyo linavyoandikwa."

"Sivyo. Mama yake aliandika kwa P na H. Cheti ninacho. Bi Nunnie hajawahi kuliandika popote, na kusoma hasomi tena, kwa hiyo hakuna aliyekusahihisha. Ulilisikia kinywani mwake, ukaandika kama masikio yalivyokuambia. Ile P ya bahasha ukadhani ni kosa la karani. Duniani kote Filomena Chisolm wa F yupo mahali pawili. Hapa kwenye jiwe na hapa kwenye kadi."

"Mchongaji ni fundi wa mjini."

"Na fundi alipewa jina na nani?"

Shemasi alivua kofia. Aliigeuzageuza mikononi, akatafuta mahali pa kuiweka, akaishia kuiweka juu ya jiwe la mtu mwingine. Alipokaa kwenye benchi Coretha aliona jinsi alivyozeeka.

"Hukuja kwa ajili ya Nunnie peke yake," alisema.

"Wapo watano."

"Wanne sasa. Boysie tulimzika mwezi wa pili. Alifia kwa binti yake Atlanta, kwenye kochi." Akajifuta uso. "Yule mzungu alitaka majina tu, Coretha. Alikuja na gazeti akaniuliza, katika hawa ni nani hawajijui? Majina! Sikumshika mtu koo."

"Na kadi ulisaini."

"Barua ziko pale kaunta zinaoza. Ningeacha zioze, si ingekuwa yaleyale?"

"Zingerudi kaunti hazijasainiwa, na kaunti ingemtafuta mwenyewe. Unajua hivyo. Ndiyo maana ulisaini."

"Unajua ninazika wangapi siku hizi? Watoto wao wanafia Atlanta, wanazikwa Atlanta. Hawa wazee wakiisha, kisiwa kimekwisha. Hoteli zitakuja tu, niseme nisiseme. Nikasema kama ni kuliwa, basi na mimi nisibaki na mifupa. Nina mkopo wa jengo hili. Nina wafu ambao hakuna aliyewahi kunilipa hata msumari wa jeneza."

"Bi Nunnie alikulipa kila Jumamosi."

"Nililisoma kanisani!" Sauti ilimpanda ghafla. "Lilikuwa gazetini, nikalisoma kwa sauti, R. P. Chisolm, nikanyamaza. Nilimtazama usoni. Nikasema moyoni, Nunnie, simama. Simama tu, na mimi nitafurahi. Angesimama ningekuwa wa kwanza kutoa mchango."

Coretha alimtazama mzee huyo aliyekuwa akimwita mwanangu, na akahisi uchungu ambao kazini hawafundishwi pa kuupeleka. Angependa awe mwongo. Mwongo angekuwa rahisi.

"Alifumba macho, Shemasi," alisema. "Alikuwa anamwombea huyo R. P."

Mzee aliinamisha kichwa. Akauliza kama anaweza kumzika aliye ndani kwanza, maana familia imesafiri kutoka mbali na maiti haina kosa. Coretha aliita askari mmoja kwa redio aje asimame mlangoni, avae tai, na asitoe pingu mpaka kaburi lifukiwe. Kisha akampigia wakili. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, akapiga kelele moja ya furaha, akajishtukia, akanyamaza.

"Cha Bi Nunnie kinarudi," alisema. "Jaji hawezi kukataa hili. Na wale wengine nitajaribu. Larrabee ameshauza vitatu kwa kampuni ya hoteli, itakuwa vita."

"Na cha Boysie?"

"Hicho ndicho walichoanza kukata miti."

* * *

Karatasi nyekundu aliing'oa mwenyewe, kwa bisibisi ya garini. Misumari iliacha matundu manne kwenye bluu.

"Imetoka?" Bi Nunnie aliuliza kutoka mezani.

"Imetoka. Jumatatu hatakuja mtu. Utabaki kwako."

Bibi alilaza viganja juu ya kitambaa cha meza. Kisha alianza kutikisika mabega, akicheka au akilia, yote mawili labda. Alimshukuru Yesu, akamshukuru Mariah mwenye mwanya, akamshukuru Ezra wake. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Coretha, akaubana kwa vidole vigumu vya msusi.

"Shemasi atafurahije! Amechelewa leo, hajawahi kuchelewa. Nimemfunikia chakula chake." Palikuwa na sahani mbele ya kiti cha pili, imefunikwa na sahani nyingine, uma na kijiko vimepangwa, na pembeni fedha za wiki zimefungwa kwenye leso. "Kakae dirishani umtazame. Nataka umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Coretha hakwenda dirishani. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwambia. Alimwambia taratibu na kwa maneno machache, jiwe, herufi, kadi, gazeti la kanisani. Alipofika kwenye ile "nilimtazama usoni", vidole vya bibi viliuachia mkono wake.

Jikoni kifuniko cha sufuria kililia kidogo, kikanyamaza.

"Alinitazama usoni," bibi alirudia. "Na mimi sioni. Alijua sioni."

"Ndiyo, Bi Nunnie."

"Miaka arobaini anakula mezani kwangu." Alinyoosha mkono, akaipapasa leso, akaifungua fundo, akaifunga tena. Kisha akaisukuma sahani iliyofunikwa mpaka ikagusa kifua cha Coretha. "Kula wewe. Chakula hakitupwi."

Coretha alifunua. Wali ulikuwa umepoa, bamia zimeganda. Alichukua kijiko kilichowekewa mtu mwingine, akala, kwa sababu bibi alikuwa anasikiliza kama anakula.

"Guba."

"Naam, bibi."

"Kisiwa hiki mzishi ni mmoja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza habari za basi. "Nyumba umenirudishia, ahsante. Sasa niambie, nani atanizika?"